Gari Lisilo na Mwenyewe

"Itoe hiyo taa," alisema Mzee Nsiah bila kuinuka kitini. "Hiyo feki. Mvua moja tu inajaa maji kama kibuyu."

Fundi Atakora aliishusha taa, akashika kiuno. "Mzee wangu, orijino nitaitoa wapi kwa hela ya bima?"

"Sijui. Mimi nimekaa."

Na kweli alikuwa amekaa. Kila asubuhi Atakora alipofungua karakana alimkuta mzee na kiti chake cha plastiki, mfuko wa kenke, ule ugali wa mahindi yaliyochachushwa, na samaki mapajani. Katika uwanja ule wa mafundi, pale Kumasi, kila mtu anajua kwamba gari usilolilinda huliwa. Unalileta lina betri mpya, unaondoka na betri marehemu. Kwa hiyo wenye magari hukaa wakikodoa macho mpaka boliti ya mwisho ikazwe.

Lakini mzee alikuwa hoi, tena alichoka kabla hajafika hapo. Taksi ile ilikuwa kiinua mgongo chake chote. Mpwa wake Boadu ndiye aliyeiendesha na kulala nayo kwake. Mzee aliiona jioni tu, hesabu ilipoletwa. Halafu lori likaichapa, Boadu akavunjika mguu, na mzee akawa kiguu na njia: polisi, bima, polisi, bima. Mara mhuri hausomeki, mara mkaguzi yuko safarini, mara binti wa mapokezi amekwenda kula. Bima ilipokubali hatimaye, ilimwambia wazi: tunamlipa fundi wetu, na tunalipa mara moja tu. Likiharibika tena, shauri yako.

Alipofika karakana akaulizia gari la bima lililogongwa. Mtu akamwonyesha kwa kidole: lile pale. Lilikuwa limeshapigwa msasa, halina namba wala rangi, uso umebonyea vibaya. Mzee alilitazama, machozi yakamlenga, akaenda kutafuta kiti.

Sasa Atakora aliinama karibu na sikio lake. "Sikiliza. Nyuma ya uzio kuna jingine kama hili, toleo lilelile. Taa zake nzima, orijino kabisa."

"La nani?"

"La bwana mmoja hivi, nalo la bima. Tangu livutwe hapa hajaja hata kulichungulia. Gari lisilo na mwenyewe, mzee wangu, hilo ni duka."

Mzee Nsiah aliutazama uzio. Alikuwa mzee wa kanisa, na Jumapili iliyopita ndiye aliyesoma zile amri kumi. Lakini mgongo ulimuuma, jua lilimchoma, na mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

"Mtu mzima anatupa gari lake kwa mafundi, halafu anajikalia nyumbani!" alisema. "Huyo kajitakia. Funga."

Baada ya taa, mengine yalikuwa mteremko. Rejeta ikatoka nyuma ya uzio, ikaja boneti, ukaja mlango. Mzee alikigonga kila kitu kwa kidole, akasikiliza mlio wake, akatikisa kichwa kukubali. Atakora alipoleta tairi kipara, mzee akalisukuma kwa mguu.

"Kwani kule nyuma hakuna mazuri?"

"Yesu wangu! Mzee, wewe mwizi kutushinda sisi!"

Mzee akacheka kwa mara ya kwanza tangu ajali, kisha akaona haya. Usiku ule sala yake ilikuwa fupi.

Siku moja simu ya Atakora ililia. "Usiwe na wasi, bosi," fundi alijibu. "Mzee wako yupo hapa hapa, habanduki. Gari linapendeza." Mzee alidhani ni wakubwa wa bima, akajiweka wima kidogo na kufunga vifungo vya shati.

Rangi ilipokauka, gari liling'aa kama limetoka melini. Mzee Nsiah alilizunguka polepole, akapapasa milango, akainama kutazama uvunguni. Hakuona kasoro. Uchovu wote ulimshuka mabegani, akamshika fundi mkono kwa mikono yake miwili.

"Atakora, Mungu akubariki. Ngoja nimpigie Boadu alete ufunguo."

Hajaitoa simu mfukoni, kijana mmoja nadhifu akaingia uwanjani karibu anakimbia. Alilala juu ya boneti, akalibusu gari, akafungua mlango kwa ufunguo wake, akaketi, akawasha. Injini iliitika mara moja.

"Fundi, we kiboko!" kijana alipiga kelele dirishani. "Ila kila nikikupigia, mzee wako, mzee wako. Mzee gani? Baba yangu yuko Tamale, hata njia ya kuja huku haijui."

Tabasamu la Atakora likafutika. Alimgeukia Mzee Nsiah, ambaye bado alikuwa amemshika mkono.

"Mzee," aliuliza kwa sauti ndogo, "kwani gari lako wewe ni lipi?"

Nyuma ya uzio, wanunuzi wa vyuma chakavu walikuwa wameshaanza kuikata bodi iliyobaki.