Kiota Juu ya Injini

Dereva wa lori alirudi safarini akamkuta mama mkwe wake miguu imevimba na anahema kwa shida. Mkewe alisema kila siku alitaka kumpeleka hospitali kwa gari lao dogo, na kila siku mama alikataa. "Namngoja mkwe wangu, yeye ndiye anayeendesha kistaarabu."

Dereva alifungua boneti ya gari hilo dogo akague maji. Juu ya injini palikuwa na kiota cha nyuzi na utando wa buibui. Makinda watatu, wangali uchi, wakaachama vinywa vyao vya manjano.

Kidege wa kijivu akatua kwenye kioo cha pembeni, kiwavi mdomoni, akitikisa mkia kwa wasiwasi.

Dereva akainua macho. Dirisha la mama lilitazama gari, na kiti chake kilikuwa kimesogezwa pale pale.

"Kumbe ulijua, mama."

"Siku chache tu, baba," mama alijibu, akipumzika kila baada ya neno. "Wakiweza kuruka nitakwenda. Usiwaguse, mama yao atawasusa."

"Na mimi je?" mkewe alilipuka, mfuko wa nguo mkononi. "Mimi sina mama?"

Dereva akakinyanyua kiota kwa mikono miwili, akakiweka kwenye dirisha la mama.

Gari lilipoondoka, mama alijaribu kugeuza shingo, akashindwa.

"Mama yao amewaona?"

"Amewaona, mama," mkewe alijibu haraka, bila kutazama nyuma.

Kwenye kioo, dereva alimwona kidege akizungukazunguka pale gari lilipokuwa, kiwavi angali mdomoni.