Lazima Ule

Mtaani kila mtu alijua kwamba ukicheza drafti na mwenyekiti Kitwana, adabu ni kushindwa. Siwema muuza uji alipoketi mbele yake, mumewe alimnong'oneza, "Mama Zuhura, mwache ashinde. Kibanda chetu kimo mikononi mwake."

Siwema akasukuma kete moja mbele, peupe kabisa.

"Kula, mwenyekiti. Sheria ni lazima ule."

Mwenyekiti akala huku akicheka. Siwema akaruka, akazoa kete tatu za mwenyekiti na kutua mstari wa mwisho.

"Kingi!"

Watazamaji wakainamisha macho. Hakuna aliyethubutu kuivika kete yake taji, basi Siwema akaokota kizibo cha soda mwenyewe, akakipachika juu yake.

"Zamu yako."

Kidole cha mwenyekiti kikabaki kinaelea juu ya ubao, hakijui pa kushuka.