Risasi Ndani ya Soksi

Rowena Tackett aliendesha gari mbio kwenda hospitali, na kila aliporuka shimo, risasi za baba yake ziligongana ndani ya soksi chini ya kiti. Zilikuwa hapo tangu majira ya baridi. Hakuwa na moyo wa kuzitupa wala wa kuzirudisha.

Mzee Hollis hakutoka nje bila bastola yake. Ilikuwa ndogo, ya kuingia mfuko wa jinzi, lakini ilimeza risasi kubwa, zile nzito za magnum, na mlio wake ungeamsha bonde zima. Alikwenda nayo malishoni, dukani, hata kanisani, na huko kwao Oklahoma hakuna aliyeshangaa.

Mambo yaliharibika siku walipomzika mama. Shemasi mmoja, rafiki wa Hollis tangu ujana, alileta bakuli la maharage akapitia mlango wa nyuma. Mzee alimwelekezea mtutu kifuani. "Wewe nani?" alifoka.

Jioni ile, baba akiwa anaoga, Rowena alizitoa risasi zote. Mahali pake akapachika maganda matupu, yaliyokwisha kupigwa, ili uzito usipungue sana. Alimwibia baba yake siku ile ile aliyomzika mkewe.

Tangu hapo, kila Jumapili alipokwenda kumpikia, alimwona akiipapasa bastola mfukoni kabla ya kwenda kwa ng'ombe.

"Nikiigusa hii nakukumbuka wewe," mzee alimwambia siku moja. Rowena akadhani akili zimeanza kumhama babaye. Akazidi kuificha siri yake.

Sasa nguruwe mwitu alikuwa amemvamia mzee kando ya bwawa.

Burl, jirani yao, alikuwa akimngoja kwenye ujia wa hospitali, shati limelowa damu isiyo yake. "Tulia, dada. Kachanwa paja tu. Babako si mtu, ni chuma! Kapigana na lile dubwana kwa sepetu mpaka likakimbia."

"Na bastola?"

"Ilikuwa mfukoni. Hata hakuigusa. Nikamwambia, mzee, ulikuwa unaiwekea Krismasi? Akanicheka."

 Rowena aliingia chumbani alimolazwa baba.

Hollis alikuwa ameegemea mto kitandani, mguu umefungwa bendeji, kikombe mkononi. "Wameniletea maji ya kuoshea vyombo," alisema. "Eti kahawa."

"Baba, nisikilize. Mimi ndiye niliyetoa risasi zako. Nimekuachia maganda." Machozi yakamwangukia kwenye kola. "Nguruwe yule angekuua, na mikono yako ningekuwa nimeifunga mimi."

Mzee aliweka kikombe chini polepole.

"Najua zilitoka."

"Unajua? Na bado unatembea nayo? Mbona hukununua nyingine? Zimejaa dukani!"

"Sikuzitaka tena."

Rowena alijifuta pua kwa kiganja kama mtoto. Aibu ilikuwa imemshika mpaka masikioni. Miezi yote ile alijiona mwerevu, kumbe mzee alikuwa akimtazama tu.

"Nisamehe, baba. Ulipofungua ukayaona yale maganda, bila shaka ulinichukia."

"Sijaifungua hata mara moja."

"Sasa ulijuaje?"

Hollis alimshika mkono, akaushikilia, macho yake yakiwa dirishani.

"Alfajiri iliyofuata mazishi, wewe ukiwa bado umelala chumba cha pili, nilikaa kitandani upande wa mama yako. Nikajielekezea bastola, mwanangu. Nikafyatua."