Friji ya Maabara

Mwape alipofungua friji ya maabara, damu ya mbuzi ilimdondokea kiatuni.

Nyama ilijaa hadi mlangoni. Kichwa cha mbuzi, ulimi nje, kilikuwa kimelalia mirija ya Mwape na kung'oa vizibo. Asubuhi yote alikuwa amesaga majani ya njegere, akatenga kloroplasti, akazichanganya na protini iliyotengenezwa nje ya kloroplasti. Alitaka kujua kama protini ile imeingia ndani yake, na kama kipande cha protini kinachoifungulia mlango kimekatwa humo ndani. Sasa mirija ilijaa uji wa rangi ya kinyesi.

“Citoyenne, usikasirike,” mkuu wa idara alisema nyuma yake, akijipangusa damu mikononi. “Ni nyama ya fête, sikukuu ya chama. Majani yako itangoja.”

“Haitangoja, patron. Ilishakufa.”

“Basi utaanza tena. Kesho utakuya kucheza mbele ya bakubwa ba chama, utakula na weye.”

Akacheka, akampapasa shavu kwa vidole vilivyokuwa bado vinanata.

Mwape alikishika kichwa kwa pembe, akafungua dirisha, akawatupia mbwa wa uani.

Kisha akarudi kuchukua mapaja.