Timu Iliyokufa

"Timu ya ngumi imekufa!" Ndivyo kapteni wa jeshi alivyotangaza Jumatatu, siku aliyokabidhiwa chuo kile cha Nsambya. Wachezaji wote tisa walifukuzwa bwenini, na glavu akazifungia ofisini.

Jumamosi akaja na wageni, akitaka kuwaonyesha kwamba naye ni bondia. Akaamuru Odur, aliyekuwa nahodha, aletwe uwanjani wapigane.

Glavu ya kulia Odur aliikuta ingali ngumu kwa jasho lake la zamani. Polepole akaisukuma sufi ya ndani kwa vifundo vya vidole, ikajikunja pembeni, mbele ikabaki ngozi na mfupa tu. Hila hiyo kocha aliwakataza tangu siku ya kwanza.

Kapteni akamsogelea, akamnong'oneza kwa Kiswahili cha kambini: "Wewe napiga mimi, mimi naua wewe. Nasikia?"

"Nasikia, afande." Odur akagusisha glavu zao, kama ilivyo ada. "Lakini sisi tayari nakufa Jumatatu."

Kapteni akaangua kicheko, akawageukia wageni wacheke naye, taya likiwa wazi kama mlango wa kanisa Jumapili.