Picha za Jangwani

Kila tulipofikia mwamba, mke wangu alisimama. "Subiri, baba watoto, nipige picha."

Goti langu lilikuwa linawaka moto, ila fimbo nilikuwa nimeikataa kwenye geti la hifadhi, mbele za watu. Basi nikawa nakaa na kulalamika: "Kwani hii miamba inakimbia?"

Huko juu, kwenye tao la jiwe jekundu, alinishikisha simu ili akung'ute mchanga kiatuni. Nikabonyeza nizione hizo picha. Kioo kikabaki cheusi. Nikakumbuka chaja tuliyoisahau nyumbani: simu ilikuwa imezima tangu jana.

Nikamrudishia, nikavua kofia. "Haya, nipige na mimi."

Akafumba jicho moja, akanilenga kwa muda mrefu.

"Umetoka kijana," akasema. "Hebu kaa, nikupige nyingine."