Pua ya Mwalimu Zhuo

Weng Haosheng alikiinua kikombe cha tatu mpaka puani, akafumba macho, akavuta pumzi taratibu. Hakusikia harufu yoyote. Ilikuwa kama kunusa maji ya moto.

Akafumbua jicho moja, akamtazama Mwalimu Zhuo aliyeketi upande wa pili wa meza.

Hivyo ndivyo alivyokuwa akiponea tangu asubuhi. Homa ya majira ya baridi ilikuwa imempitia kama ilivyowapitia wengi pale Fuzhou, ikaondoka na pua yake. Ulimi aliachiwa, lakini ulimi peke yake hujua uchungu na utamu tu, na chai ya asumini huhukumiwa kwa pua. Hakumwambia mtu. Alipoitwa kuamua mashindano ya mwaka huu alikuwa karibu kukataa, kisha akasikia kwamba mwenzake mezani atakuwa Zhuo Meiyun, mama aliyemfundisha kuonja chai alipokuwa kijana, na ambaye pua yake iliogopwa na wakulima wote wa kando ya mto. Akajiambia kwamba atamfuata yeye. Uso ule alikuwa akiusoma tangu ujana wake.

Ila leo uso haukusomeka. Kila alipoonja, alikuta macho ya yule mama yako juu yake, yametulia, yanamchungulia juu ya ukingo wa kikombe. Ameshanishuku, aliwaza. Ananipima.

"Haya, unasemaje?" Mwalimu alimuuliza, kama alivyouliza kwa vikombe vilivyotangulia.

"Mwalimu atangulie."

"Mimi nimezeeka. Sema wewe."

Haosheng akanusa tena ili apate muda. Akaona kikunjo chembamba kikijitokeza katikati ya nyusi za Mwalimu. Kikamtosha. Akasema maua yalichelewa kutiwa, harufu imechacha, na kuna uchungu unaokwama kooni. Uchungu alikuwa na hakika nao. Siku hizi aliuonja katika kila kitu, hata katika uji.

"Nami naona hivyo hivyo," alisema Mwalimu, akaandika alama ya chini kabisa.

Kwenye kikombe cha nne nyusi zililegea. Haosheng akasifu, Mwalimu akakubali, na kazi ikaisha.

Haikuwa kazi ya mchezo. Kampuni iliyonunua bonde la mto ule ilikusudia kujenga maghorofa, na iliahidi kuacha bustani moja tu ya asumini, ile ya mshindi, iwe pambo la kuonyesha wageni. Nyingine zote zingefukiwa. Wenye bustani walikaa nyuma ya ukumbi wakiwa wamevaa nguo zao za sikukuu, na miongoni mwao alikuwemo Rao Guilan, mdogo wa marehemu mke wa Haosheng. Tangu mashindano yatangazwe hakuwa amempelekea shemeji yake hata salamu, asije akasemwa kwamba amebebwa.

Majina ya wenye vikombe yakasomwa. Kikombe cha nne, kilichoshinda, kilikuwa cha mfanyabiashara wa mjini ambaye bonde zima lilijua kwamba hunyunyizia majani yake manukato ya chupa. Ukumbi ukaanza kunong'ona. Kikombe cha tatu, kilichoshika mkia, kilikuwa cha Rao Guilan.

Guilan alimfuata uani. Hakulia. Alimweleza kwa sauti ya kawaida kwamba mwaka huu aliyalaza majani na maua mapya, akayachekecha, akayalaza tena na mengine, mpaka vidole vikamvimba. Na kwamba maua yote aliyachuma kwenye vichaka alivyovipanda dada yake kabla hajaugua. Haosheng alisikiliza huku akiviangalia viatu vyake.

"Shemeji, kushindwa sikulaumu," Guilan alisema. "Ungeniweka wa pili ningeinama nikaenda zangu. Lakini chai hii ulikuwa ukiisikia harufu ukiwa bado barabarani, unaingia ndani unacheka, unamuuliza dada leo kafungua mzigo gani. Leo unasema imechacha. Dada alikukosea nini?"

Hakungoja jibu. Alipita katikati ya watu bila kuwaangalia, akatoka langoni.

Haosheng alibaki amesimama pale, mdomo mchungu. Kisha akaona kwamba mlango mmoja ulikuwa bado wazi. Waamuzi hawakuwa wametia sahihi. Kama Mwalimu angekionja kikombe kile upya, bila kumsikiliza yeye, pua yake ingesema kweli na matokeo yangebatilishwa. Ingempasa kwanza akiri. Angeaibika, asiitwe tena kwenye meza yoyote ya chai, na watu wangemcheka sokoni. Na wacheke, alijiambia. Kwa mara ya kwanza tangu homa ile, alihisi kifua kimekuwa chepesi.

Alimkuta Mwalimu peke yake katika chumba cha kuonjea, amejifunga mtandio tayari kwa safari. Akafunga mlango.

"Mwalimu, kuna jambo lazima nilikiri. Kile kikombe cha tatu..."

"Keti, Haosheng. Najua unachotaka kusema. Umenitazama asubuhi nzima, nimekuona."

Akaketi. Kwa hiyo alijua. Afadhali.

"Ungeweza kuniumbua mbele ya watu, ukanisitiri," alisema Mwalimu, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Ahsante, mwanangu. Tangu ile homa sisikii harufu ya kitu, hata moshi. Nisingekuja kabisa, ila nilipoambiwa utakuwepo nikasema basi, nitamfuata Haosheng."